Kutoka wodi hadi wadi, kisha wizarani

Daktari wa Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani hapa Mombasa, akitoa neno kwamba anautaka ubunge, barazani kwenye kahawa huulizwa kwanza ana pesa ngapi. Swali hilo lina haki yake, ila lingefaa lije la pili. La kwanza ni tarehe. Jina zuri mtaani halimwokoi aliyechelewa kuandika barua ya kujiuzulu, na katika safari yote ya daktari kuingia siasa hadi uwaziri, mambo mawili ndiyo yanayoamua zaidi ya ufasaha wa jukwaani: kalenda, na saini ya nani inayotoa fedha.

Tuanze na kalenda. Katiba ya Kenya imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa 2027 hiyo ni tarehe 10 Agosti. Sheria ya Uchaguzi, kifungu 43(5), inamtaka afisa wa umma anayetaka kugombea awe amejiuzulu angalau miezi sita kabla. Hesabu inaangukia tarehe 10 Februari 2027, na mwenye akili hamalizi siku zote za hesabu: anatoka Januari. Sharti hili linamkamata daktari aliyeajiriwa na kaunti, awe Hospitali Kuu ya Pwani, Port Reitz, Tudor au Likoni. Linamkamata pia mhadhiri wa chuo kikuu cha umma na afisa mkuu wa idara ya afya. Halimgusi mwenye kliniki yake binafsi, wala mbunge, gavana au mwakilishi wadi aliye kitini.

Makosa hapa ni yaleyale. Mtu anachukua likizo bila malipo akidhani amejiuzulu. Mwingine anampa barua msimamizi wa hospitali, ilhali mwajiri wake ni kaunti kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma. Wa tatu amejiuzulu sawasawa, lakini mshahara wa Machi umeingia benki kwa sababu jina halikuondolewa kwenye orodha ya malipo, na karatasi hiyo ya mshahara ndiyo mpinzani atakayokwenda nayo mahakamani. Kwa hiyo barua iende kwa Bodi, nakala kwa afisa mkuu wa afya na kwa msimamizi wa hospitali, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mshahara ukiingia baada ya hapo, urudishe kwa maandishi siku hiyohiyo uliyouona.

Kuna deni pia, na hili husahauliwa sana. Mkopo wa sacco unaokatwa kwenye mshahara husimama pale mshahara unaposimama. Sacco haitangoja kura zihesabiwe. Itawageukia wadhamini, ambao kwa kawaida ni wauguzi na madaktari wenzako wa wodi ileile. Ukianza siasa kwa kuwakatisha mishahara wadhamini wako, umeanza na maadui wanaojua simu yako haipokelewi. Lipa, au panga malipo mapya kabla ya kuandika barua. Na pensheni: uliza idara husika, kwa maandishi, kujiuzulu kunakuondolea nini.

Halafu wagonjwa. Daktari wa upasuaji mwenye orodha ya watu wanaosubiri zamu yao aikabidhi kwa jina la mwenzake, si kwa "wodi". Mama mmoja aliyeambiwa "daktari wako kaenda siasani" atalisimulia jambo hilo Kisauni nzima.

Karatasi nyingine ni nyepesi, lakini zina miiba. Aliyesomea udaktari nje, iwe Urusi, India au Cuba, awe na barua ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inayoitambua shahada yake, hasa akilenga ugavana ambao unadai shahada. Kuandikishwa na baraza la madaktari si kitu kimoja na utambuzi huo. Aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi akachukua uraia wa huko, asome kifungu 78 cha Katiba: afisa wa dola haruhusiwi kuwa na uraia pacha. Anayetaka kuwa mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura, na kwa ubunge awe na saini za wapigakura 1,000 wa eneobunge lake. Kusanya 1,500. Zitakuwamo za watu waliojiandikisha kura Kwale, za waliosaini mara mbili, na za wale ambao namba ya kitambulisho imeandikwa kwa haraka. Ada ya tume ya uchaguzi mwaka 2022 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mbunge na 50,000 kwa gavana, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hizo si kitu ukilinganisha na mawakala wa vituoni, na wapigakura wa Mombasa wanakumbuka jinsi kura ya ugavana mwaka huo ilivyoahirishwa kwa kasoro ya karatasi za kura, ikapigwa tarehe 29 Agosti badala ya tarehe 9. Mgombea aliyekuwa ametenga nauli na chakula cha mawakala kwa siku moja tu alipata somo la hesabu.

Sasa kambi ya matibabu ya bure, maana hii ndiyo silaha ya kila daktari anayegombea, na ndiyo inayoharibika vibaya zaidi.

Mkono mtupu haulambwi, na daktari hana haja ya kugawa unga. Ana kipimo cha presha na sukari. Lakini fanya hesabu kwanza. Daktari mmoja anayefanya kazi ya haki huona wagonjwa kumi kwa saa, si zaidi. Saa sita ni sitini. Ukitangaza kambi Mtongwe na wakaja watu mia tatu, unahitaji matabibu watano waliokaa kwenye kiti, mbali na wa kupima presha, wa maabara na wa dawa. Wagombea wengi hupeleka wawili, na mmoja wao ni mgombea mwenyewe ambaye kila dakika kumi anaitwa kupiga picha. Saa nane mchana watu zaidi ya mia moja na themanini wanarudi nyumbani bila kuonwa, na hao hawatakuwa upande wako.

Presha nayo ina kanuni yake. Mtu aliyetembea juani kutoka feri akasimama foleni saa mbili hapimwi papo hapo. Akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umeinuliwa usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili. Beba mkanda mkubwa wa kipimo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ilivyo, nawe unamwanzishia mtu dawa asizozihitaji. Kosa kubwa zaidi ni kumpa mgonjwa mpya tembe za siku kumi na nne na tabasamu. Siku ya kumi na tano hana dawa, hana kadi ya kliniki, na ameshaamini kwamba amepona. Kabla ya kambi zungumza na zahanati ya karibu, chukua kadi zao, mwandikie kila mgonjwa mpya siku ya kurudi huko. Kama zahanati haina hizo dawa, usimwanzishie dawa ambayo haipatikani mtaani kwa bei anayoiweza.

Vibali navyo: idara ya afya ya kaunti na baraza la madaktari wajue. Taka za sindano zina sanduku lake la manjano na zina mahali pa kuchomwa. Zisiachwe nyuma ya madrasa uliyoazima kwa siku moja. Na daftari la wagonjwa, jina, simu na ugonjwa, si orodha ya kampeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mtu aliyekuja kupimwa kaswende akipokea ujumbe wa "Daktari anakuomba kura" atajua namba yake ilitoka wapi, na mkewe pia atajua. Zaidi ya hayo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaita kumpa mpigakura kitu ili akupigie kura kuwa ni hongo. Kambi iliyofanyika kila robo mwaka tangu miaka mitatu nyuma ni huduma. Iliyofanyika wiki mbili kabla ya kura, ikiwa na bango lenye sura yako na alama ya chama, itakuwia vigumu kuieleza mbele ya jaji.

Tuseme amepita. Bungeni daktari husukumwa Kamati ya Afya, naye huenda kwa furaha. Ni mahali pazuri: Robert Pukose wa Endebess, mpasuaji, aliiongoza kamati hiyo baada ya uchaguzi wa 2022, na James Nyikal wa Seme, daktari wa watoto aliyekuwa Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu, aliingia bunge akiijua wizara kutoka ndani. Lakini tazama Boni Khalwale. Ni daktari, na jina lake halikutokana na afya. Lilitokana na Kamati ya Hesabu za Umma, ambako alisoma ripoti za Mkaguzi Mkuu kama anavyosoma jalada la mgonjwa. Mtu aliyezoea kuuliza "hii dawa ilianza lini, nani aliiandika, kwa nini ilisimamishwa" ana maswali tayari ya ukaguzi. Kwa maoni yangu, daktari anayetaka kufika mbali aanzie kwenye hesabu, kwa sababu afya anaijua tayari.

Kutoka hapo hadi uwaziri njia imebadilika, na wengi barazani bado wana ramani ya zamani. Kabla ya Katiba ya 2010 waziri alikuwa mbunge. Njoroge Mungai, daktari aliyesomea Stanford, aliingia baraza la kwanza la mawaziri mwaka 1963 akiwa na Afya na Nyumba, kisha Ulinzi, kisha Mambo ya Nje hadi 1974, aliposhindwa kwenye kura za Dagoretti. Ndiyo hatari ya mfumo ule: mtu anazunguka dunia kwa niaba ya nchi, nyumbani wanamng'oa. Nafasi yake Mambo ya Nje ilichukuliwa na daktari mwingine, Munyua Waiyaki. Hapa Pwani tuna Naomi Shaban, daktari wa meno, mbunge wa Taveta tangu 2002 hadi 2022, aliyepewa Mipango Maalum mwaka 2008, wakati wakimbizi wa ndani wa machafuko ya uchaguzi wakirejeshwa makwao. Si wizara ya meno wala ya afya. Ilikuwa mahema, chakula, orodha za majina na ugomvi wa nani ni mkimbizi wa kweli. Katika serikali hiyohiyo Mohammed Kuti, daktari wa binadamu, alipewa Mifugo, na Noah Wekesa, daktari wa mifugo, akapewa Misitu na Wanyamapori. Anayedhani stethoskopu humpeleka mtu moja kwa moja Afya House, makao ya Wizara ya Afya, aitazame orodha hiyo tena. Wizara ya Huduma za Matibabu wakati huo ilikuwa kwa Anyang' Nyong'o, ambaye ni profesa wa sayansi ya siasa.

Tangu 2013 waziri hawezi kuwa mbunge. Kifungu 152 kinataka mawaziri wasiopungua 14 wala kuzidi 22, wateuliwe na Rais, waidhinishwe na Bunge la Taifa. Mbunge anayeteuliwa huacha kiti, kama Aden Duale alivyoacha Garissa Township mwaka 2022 kwenda Ulinzi. Maana yake kwa daktari ni nzito: miaka mitano ya kutafuta kiti cha Nyali inaweza kuachwa kwa kazi ambayo Rais huiondoa kwa sentensi moja. Tarehe 11 Julai 2024 karibu baraza zima liliondolewa siku moja. Afya ikaenda kwa Deborah Barasa, daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Machi 2025 akahamishiwa Mazingira, na Duale akaja Afya. Kwa majirani Tanzania mambo ni tofauti, waziri bado ni mbunge, na ndiyo njia aliyopita Hussein Mwinyi: daktari, mbunge, Ulinzi, Afya, Ulinzi tena, kisha urais wa Zanzibar mwaka 2020, akimpokea Ali Mohamed Shein, mtaalamu wa biokemia ya tiba. Watu wa Mji wa Kale wenye jamaa Unguja hupenda kuuliza mbona huku haiwi hivyo. Ni kwa sababu katiba ni mbili.

Kupigwa msasa bungeni si mtihani wa udaktari. Kamati itakuuliza mali yako ni shilingi ngapi, kodi umelipa, kesi unazo, kampuni gani una hisa. Daktari ana mtego wake maalum: hisa kwenye kliniki, duka la dawa au kampuni inayouzia hospitali za serikali vifaa. Umiliki huo utangazwe kabla haujatangazwa na wengine. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, na wananchi wana nafasi ya kuleta malalamiko kwa hati ya kiapo kabla ya kikao. Pia kesi yoyote ya mgonjwa iliyowahi kufika baraza la madaktari, hata iliyofutwa, iwe na jalada lake mkononi, na uamuzi wake uwe ukurasa wa juu.

Basi ameapishwa. Asubuhi ya kwanza daktari anauliza dawa ziko wapi, anaambiwa na kila mtu "ndiyo, Waziri", na dawa haziji. Waziri ni kichwa cha kisiasa; mwenye dhamana ya fedha kisheria ni Katibu wa Wizara. Saini ya Katibu ndiyo inayotoa shilingi, na ndiye Mkaguzi Mkuu atakayemwita. Waziri akiagiza ununuzi kwa simu, amejitia kwenye kosa na hajaharakisha lolote. Anachoweza ni kuweka sera, kutetea bajeti, na kuhakikisha jambo lake limeingia kwenye makadirio kwa wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na Taarifa ya Sera ya Bajeti kabla ya tarehe 15 Februari. Wazo zuri la mwezi wa Mei limechelewa mwaka mzima; kilichobaki ni kungoja bajeti ya nyongeza na kushindana na kila mtu.

Na hapa ndipo namwambia daktari kijana wa Mombasa achague vyema. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Hospitali za kaunti, zahanati, maduka ya dawa, magari ya wagonjwa na afya ya msingi ni kazi ya kaunti. Waziri aliyeko Nairobi hana uwezo wa kumhamisha muuguzi mmoja kutoka Tudor kwenda Likoni. Makadara yenyewe, ingawa inapokea wagonjwa wa Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, iko chini ya Kaunti ya Mombasa. Kwa hiyo anayeumwa na foleni ya chumba cha upasuaji asitafute uwaziri wa kitaifa. Atafute kiti cha waziri wa afya wa kaunti. Gavana humteua, Bunge la Kaunti humpitisha, wala hahitaji kura hata moja ya Kisauni au Jomvu. Cheo ni kidogo kwa sauti, lakini mkono wake unafika kabatini mwa dawa.

Hata huko, saini ni ya afisa mkuu, si ya waziri. Na fedha zina mlango mwingine: Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha kila kutolewa, na mgao wa kitaifa ukichelewa miezi miwili, deni la dawa kwa KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, linapanda na shehena inapungua. Kwa miaka mingi fedha ambazo wagonjwa walilipa dirishani ziliingia mfuko mkuu wa kaunti zikarudi polepole, hospitali ikikosa glovu huku imekusanya mamilioni. Sheria ya Fedha za Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023 inaruhusu hospitali kubaki na makusanyo yake. Waziri mpya wa kaunti aulize siku ya kwanza: kila hospitali ina akaunti yake? Bodi yake imeundwa? Nani anatia saini, na salio la mwezi uliopita ni ngapi? Pasipo bodi, sheria ipo na fedha zimelala.

Kisha mgomo utakuja. Mganga hajigangi, na daktari aliyekuwa akiimba nyimbo za mgomo hujikuta upande wa pili wa meza. Mgomo uliosimama tarehe 14 Machi 2017 ulichukua siku 100. Ule wa 2024 ulichukua siku 56, na kiini chake kimoja kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, serikali ikitaka 70,000 kwa mwezi na mkataba ukisema zaidi ya 206,000. Ouma Oluga, aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha madaktari wakati wa siku zile 100 na akafungwa pamoja na wenzake Februari 2017, mwaka 2025 aliapishwa kuwa Katibu wa Huduma za Matibabu, yaani mwenye saini yenyewe. Wenzake wa zamani wanazo hotuba zake. Aliye kwenye nafasi kama hiyo asiahidi tarehe ya malipo kabla Hazina haijaandika barua. Ahadi ya mdomo kwenye mazungumzo ya saa tisa usiku ndiyo mbegu ya mgomo unaofuata.

Mwisho wa kazi pia una karatasi. Kifungu 77 kinamzuia afisa wa dola wa wakati wote kufanya kazi nyingine ya malipo, kwa hiyo waziri hatibu kwa ada. Lakini leseni ya udaktari isiachwe ikafa. Huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na kuihuisha kunataka pointi 50 za mafunzo endelevu. Semina anazofungua kama waziri hazihesabiwi, labda akikaa kusikiliza hadi mwisho na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya waliohudhuria. Mpasuaji aliyekaa miaka mitano bila kushika kisu asirudi moja kwa moja mezani. Aombe miezi mitatu chini ya mwenzake, hata kama mwenzake huyo alikuwa mwanagenzi wake Makadara, aanze na ngiri na busha, na aache namba yake ya simu kwa muuguzi wa zamu ya usiku.